Vigeuzi vya faiba vya 155M na vya 1.25G: kilichoandikwa kwenye moduli na kilichofika kwenye kompyuta

Ofisi yetu ya uchapaji ipo Dar es Salaam katika majengo mawili yanayotenganishwa na yadi ya kuegesha magari na kiwanja cha jirani. Jengo la mbele ndiko wanakokaa wabunifu na ndiko intaneti inakoingilia; jengo la nyuma ndiko ziliko mashine za kuchapa mabango. Ukifuata njia ambayo kebo inaweza kupita, umbali ni mita 260, na kwa kuwa kebo ya shaba ya Ethaneti, yaani ya mtandao wa kawaida wa kompyuta, haitakiwi kuzidi mita 100, tulivuta faiba ya singo modi (aina ya masafa marefu) yenye nyuzi 4. Kila upande tukahitaji kigeuzi, yaani kile kisanduku kidogo ambacho mafundi wa Kariakoo wanakiita midia konvata, kinachopokea kebo ya kawaida ya mtandao upande mmoja na uzi wa faiba upande wa pili. Katika muda wa miezi 7 nimenunua jozi mbili za visanduku hivyo. Tathmini hii ni ya jozi zote mbili, na sehemu kubwa yake inahusu namba zilizobandikwa kwenye moduli zake, yaani vile vipande vidogo vyenye lesa ya kutuma mwanga vinavyochomekwa kwenye kisanduku, 155M na 1.25G, kwa sababu namba hizo ndizo zilizonifanya nikosee mara ya kwanza, na madukani bado zinasomwa vilevile nilivyozisoma mimi.

Jozi ya kwanza niliinunua kwa shilingi 95,000 pamoja na moduli zake. Kisanduku ni cha bati jeusi, kinaenea kwenye kiganja, hakina jina la kiwanda, na kina tundu moja la kebo ya shaba na tundu moja la moduli. Kwenye moduli kulikuwa na kibandiko cheupe chenye maandishi madogo sana: 155M, 20KM, na urefu wa wimbi la mwanga, 1310 kwa moduli moja na 1550 kwa mwenzake, kwa sababu jozi hii hutuma na kupokea kwenye uzi mmoja kwa rangi mbili tofauti za mwanga usioonekana. Nilimwambia muuzaji kwamba kifurushi chetu cha intaneti ni cha megabiti 200 kwa sekunde, nikamuuliza kama kisanduku kitakibeba. Akanijibu bila kusita: "Bosi, hii ni 155, inaipita hata ile ya 100. Hiyo kidogo inayopungua hutaiona." Nikatoa simu, nikafungua kikokotoo cha kubadili vipimo, nikaandika nilichoona kwenye kibandiko. Kikaniambia kwamba OC-3 moja, ambalo ndilo jina la Kimarekani la kasi ya Mbps (megabiti kwa sekunde) 155.52, ni sawa na Ethaneti ya 100 mara 1.5552. Hesabu ilikuwa sahihi hadi tarakimu ya mwisho. Nikalipa.

Ufungaji haukuwa na tabu. Fundi aliunga nyuzi kwa mashine ya joto, akachomeka moduli, taa za kijani zikawaka pande zote mbili, na mashine za nyuma zikapata mtandao kabla ya chakula cha mchana. Jioni nilipima kasi kwenye kompyuta ya jengo la nyuma nikapata Mbps 94. Kesho yake asubuhi 94. Saa nane usiku, wakati hakuna mtu ofisini, 94 tena. Kasi isiyotikisika namna hiyo ingenishtua mapema kama ningekuwa na akili ya kifundi, kwa sababu msongamano wa intaneti hupanda na kushuka, haukai mahali pamoja kama maji kwenye ndoo. Mimi badala yake nilimpigia simu mtoa huduma, nikalalamika kwamba ananiuzia 200 na kunipa nusu, na nililalamika kwa wiki mbili.

Walipomtuma mtu wao, alichomeka kompyuta yake moja kwa moja kwenye rauta ya jengo la mbele ikasoma 197. Tukaenda naye nyuma, ikasoma 94. Akachuchumaa, akachomoa ile moduli, akaisoma chini ya mwanga wa simu, kisha akasema kwa upole ambao sikustahili: "Kaka, intaneti yako ni nzima. Hapa umefunga bomba la mia." Nikamwonyesha kibandiko kilichoandikwa 155. Akasema hiyo ni namba ya taa, si ya mtandao.

Maneno yake yalinichukua siku kadhaa kuyaelewa, na ninayaeleza hapa kwa kirefu kwa sababu ndiyo yanayoamua kama mtu atapoteza fedha au la.

Namba ya 155 haikutoka kwenye mitandao ya kompyuta. Ilitoka kwenye simu. Sauti ya simu ya kidijitali hupimwa mara 8000 kwa sekunde, kila kipimo kikiwa na biti 8, na hivyo mazungumzo mamoja huchukua kilobiti 64 kwa sekunde. Wahandisi wa simu walipotaka kubeba maelfu ya mazungumzo juu ya faiba, walitengeneza jedwali la baiti (baiti moja ni biti 8) lenye mistari 9 na safu 270, wakapanga litumwe mara 8000 zilezile kwa sekunde. Zidisha 9 kwa 270, kwa biti 8, kwa 8000, utapata biti 155,520,000 barabara. Kiwango hicho huitwa STM-1, na ndicho hichohicho Wamarekani wanakiita OC-3 kwa kuwa kwao kinahesabiwa kama mara tatu ya 51.84. Ndani ya jedwali hilo safu 9 za kwanza ni za usimamizi wa njia, na safu moja zaidi hutumika kufuatilia mzigo kutoka mwanzo hadi mwisho wa safari, kwa hiyo zinazobaki kwa mzigo ni safu 260, sawa na Mbps 149.76. Hata aliyekodi mzunguko halisi wa 155 kutoka kampuni ya simu hajawahi kupitisha data ya 155.

Ethaneti haina ukoo huo. Yenyewe ilikua kwa makumi: 10, kisha 100 mwaka 1995, kisha 1000 juu ya faiba mwaka 1998 na juu ya kebo ya shaba mwaka 1999. Ethaneti ya 100 inapopita kwenye faiba, kila biti 4 za data hugeuzwa kuwa biti 5 kabla ya kutumwa, ili mwanga usikae umewaka au umezima kwa muda mrefu kiasi cha mpokeaji kupoteza mapigo. Kwa hiyo ili kupitisha 100, lesa inapaswa kupepesa mara milioni 125 kwa sekunde. Moduli inayoweza kufika 155 inaimudu kazi hiyo bila shida, na ndiyo maana kiwanda kinatengeneza moduli ya aina moja na kuiuzia kampuni ya simu kwa ajili ya STM-1, na kutuuzia sisi kwa ajili ya Ethaneti ya 100. Kwenye kibandiko kinaandika namba kubwa kuliko zote ambazo lesa inaweza kuzifikia. Moduli haijui kinachopita ndani yake. Anayejua ni kisanduku, na kisanduku changu kilikuwa cha 100, wala hakikuwa na njia yoyote ya kuzitumia zile 55 zilizobaki.

Kutoka 100 hadi 94 ni hesabu nyingine, fupi zaidi. Kila fremu ya Ethaneti, yaani kifurushi kimoja cha data, yenye baiti 1500 hutanguliwa na baiti 8 za kumwamsha mpokeaji, huongezwa baiti 14 za anwani na aina ya mzigo, baiti 4 za kukagulia makosa, na hufuatiwa na ukimya wenye urefu wa baiti 12. Jumla ni 1538. Ndani ya zile 1500, baiti 40 ni vichwa vya IP na TCP, yaani maelezo ya kuielekeza na kuifuatilia data, na kompyuta nyingi huongeza baiti 12 za muhuri wa muda. Zinazobaki ni 1460 au 1448 kati ya 1538, yaani asilimia 94.9 au 94.1. Wakulima wetu wanaijua lumbesa, gunia linalojazwa kupita kipimo. Hapa mambo ni kinyume chake, kwa maana mzigo umepimwa pamoja na uzito wa gunia, kamba yake, na hata nafasi iliyoachwa kati ya gunia moja na jingine, kisha namba hiyo ndiyo ikabandikwa sokoni. Kati ya 155 niliyoisoma na 94 niliyoipata hakuna hitilafu hata moja. Kifaa kilifanya kazi yake kikamilifu, na kwa kipimo cha kifaa cha Ethaneti ya 100 sina cha kukilaumu.

Ila kwa kazi yetu kilikuwa hakitoshi. Intaneti ni upande mmoja tu wa hasara. Upande uliouma zaidi ni mafaili ya mabango. Bango kubwa la barabarani linaweza kufika gigabaiti 6, na wabunifu hulituma kutoka jengo la mbele kwenda kwenye kompyuta ya mashine. Kwenye dirisha la kunakili la Windows kasi ilisimama kwenye megabaiti 11.2 kwa sekunde, na faili hilo likachukua dakika 9 na sekunde kadhaa. Hapa pia kuna ugeuzaji unaowapotosha wengi. Mtandao huhesabiwa kwa biti na faili kwa baiti, kwa hiyo Mbps 94.9 ukizigawa kwa 8 unapata 11.9, na kwa kuwa Windows huihesabu megabaiti kuwa baiti 1,048,576 badala ya milioni moja, hiyo 11.9 huonekana kama 11.3. Mbunifu wetu mmoja alikuwa ameshaamini kwamba faiba yetu inatoa "kasi ya 11" na akashauri turudi kwenye kubeba flashi mkononi, na kwa faili la gigabaiti 6 sikuwa na hoja nzito ya kumpinga.

Jozi ya pili niliinunua katika duka tofauti kwa shilingi 160,000. Safari hii sikuuliza kama "itabeba". Niliuliza kama tundu la kebo ya shaba ni la 1000 na kama tundu la moduli ni la 1000, nikataka kuona maandishi yenyewe kwenye bati. Moduli zake zimeandikwa 1.25G, na namba hii nayo si ya kuaminiwa kwa macho, ingawa udanganyifu wake ni wa aina nyingine. Ile 155 ilikuwa namba ya ukoo mwingine iliyobandikwa kwenye kifaa cha Ethaneti. Hii 1.25 ni namba ya Ethaneti yenyewe, ila imehesabiwa kabla ya kuvuliwa vazi: kwenye Ethaneti ya 1000 juu ya faiba kila biti 8 hutumwa zikiwa 10, kwa hiyo lesa hupepesa mara bilioni 1.25 kwa sekunde ili kufikisha biti bilioni 1. Ukitoa vichwa na ukimya wa fremu kama tulivyofanya kwenye 100, unabaki na Mbps 949 au 941. Mtu aliyenunua kwa kufuata kibandiko atajiona amepunjwa robo nzima, lakini hakupunjwa kitu.

Matokeo yetu yalikuwa kama hesabu ilivyosema, jambo ambalo kwa vifaa vya bei hii sikulitarajia. Kati ya kompyuta mbili, moja kila jengo, kipimo cha ndani kilisoma Mbps 941 kwenda na 940 kurudi. Intaneti nyuma ikasoma 196, moja tu pungufu ya ile iliyosomwa kwenye rauta. Faili la gigabaiti 6 likanakiliwa kwa sekunde 55, dirisha likionyesha megabaiti 112 kwa sekunde, ingawa ni lazima nitaje kwamba matokeo hayo ni ya kompyuta zenye diski za SSD, zile zisizozunguka. Kompyuta ya mashine ya zamani, yenye diski ya kuzunguka, haikuvuka 80, na hapo kizuizi si mtandao tena. Nilijaribu pia fremu kubwa za baiti 9000, ambazo kwa hesabu hufikisha asilimia 99. Kisanduku kilizipitisha bila kigugumizi, lakini printa mojawapo iligoma kabisa kuonekana kwenye mtandao, nikarudisha 1500 siku hiyohiyo.

Kwa udadisi nilichukua moduli ya zamani ya 155M nikaichomeka kwenye kisanduku kipya, upande wa pili nikiwa nimeacha kisanduku cha zamani. Taa ya faiba haikuwaka. Kebo ya shaba imetuzoesha vibaya kwa sababu ncha zake huzungumza na kukubaliana kasi, ya 1000 ikashuka hadi 100 ikibidi. Kwenye faiba ya Ethaneti ya aina hii hakuna makubaliano hayo kati ya 100 na 1000: ama pande zote mbili ni za kasi moja, au hakuna mtandao. Anayepanga kubadili upande mmoja leo na mwingine mwezi ujao aahirishe mpaka awe na fedha ya pande zote mbili. Vilevile ahakikishe jozi ina moduli moja ya 1310 na moja ya 1550, kwa maana nimewahi kuona mteja mwingine dukani akirudisha moduli mbili zilizofanana akidai ni mbovu, kumbe zote mbili zilikuwa zinatuma kwa rangi moja na kusikiliza kwa rangi nyingine, kila moja ikimsubiri mwenzake azungumze lugha ambayo hana.

Kuna swali ambalo nimeulizwa na majirani wawili tangu tufunge mfumo huu: kama uzi wa faiba unaoletwa nyumbani na kampuni ya intaneti unaweza kuchomekwa moja kwa moja kwenye kigeuzi cha 1.25G, ili waachane na kile kisanduku cheupe cha kampuni. Jibu ni hapana, na sababu yake ni ugeuzaji uleule. Faiba ya majumbani kwa kawaida hutumia mfumo wa GPON, ambao hushusha data kwa Gbps (gigabiti kwa sekunde) 2.48832 na kuipandisha kwa 1.24416, kasi ambazo wateja kadhaa wanaotumia uzi mmoja hugawana. Gawanya namba hizo kwa 155.52 utapata 16 na 8 kamili. Ni watoto wa ukoo wa simu. Ile 1.24416 inafanana na 1.25 kiasi cha kumfanya mtu aamini ni namba moja iliyokadiriwa, lakini mpangilio wa biti, zamu za kutuma na hata urefu wa mawimbi ni tofauti. Kisanduku cheupe ndicho mkalimani kati ya koo hizo mbili, na kazi yake haifanywi na kigeuzi cha shilingi elfu themanini. Zaidi ya hapo, ncha ya uzi wa kampuni huwa ya kijani, iliyokatwa kwa mshazari wa digrii 8, nazo ncha za vigeuzi vingi ni za bluu zilizonyooka. Kuzilazimisha kukutana huacha mwanya na huweza kuharibu kioo cha zote mbili.

Nikirudi kwa vikokotoo vya simu na vya mtandaoni, maana nao ni bidhaa na mimi nilikitumia kimoja kufanya uamuzi wa fedha: nimejaribu vitatu baada ya tukio hilo, na vyote vinafanana. Vina orodha ndefu ambamo OC-3, OC-48 na STM-16 (majina mawili ya kasi moja, STM-1 mara 16), Ethaneti ya 10, ya 100 na ya 1000 zimepangwa kana kwamba ni inchi na sentimita. Ukiuliza STM-16 moja ni Ethaneti ngapi za 1000, vinakujibu 2.48832. Kwa hesabu tupu hilo ni kweli. Kwa mtu anayesimama kaunta, ni jibu linalochanganya kasi ya lesa, kasi ya njia na kasi ya mzigo katika safu moja bila kumwambia. OC-3 imehesabiwa pamoja na usimamizi wake wote. Ethaneti ya 100 imehesabiwa baada ya kuondoa ile biti ya tano lakini kabla ya kuondoa ukimya na vichwa vya fremu. Vipimo viwili vilivyopimwa mahali tofauti haviwezi kulinganishwa kwa kugawanya. Kikokotoo kimoja kati ya hivyo vitatu kilitoa majibu yenye tarakimu 9 baada ya nukta, usahihi wa ajabu kwa namba isiyokuwa na maana dukani.

Lipo eneo moja ambapo koo hizi mbili zilikaribia kuoana. Kiwango cha Ethaneti ya gigabiti 10 kilipotoka mwaka 2002, kilikuwa na sura ya mtandao wa ndani, ambayo lesa yake hupepesa kwa 10.3125, na sura nyingine iliyopunguzwa makusudi ili ienee ndani ya STM-64 (STM-1 mara 64) ya kampuni za simu, ambayo ni 9.95328. Anayenunua vifaa vya kasi hiyo ana sababu ya kweli ya kusoma tarakimu baada ya nukta. Kwa ofisi kama yetu, sio.

Sasa kasoro za jozi ya pili, kwa sababu zipo. Adapta zake za umeme ni dhaifu. Moja ilikufa mwezi wa tatu baada ya umeme kukatika na kurudi mara tatu kwa saa moja, nikaibadilisha kwa shilingi 12,000 na kuvipeleka visanduku vyote kwenye UPS, yaani betri ya akiba. Bati hupata joto kiasi cha mkono kuhisi, kwa hiyo usikifungie ndani ya boksi la plastiki juani kama fundi wangu alivyotaka kufanya. Kijikaratasi cha maelezo kina ukurasa mmoja ambao hausaidii chochote. Swichi ndogo nne zilizo ubavuni hazina majina, ni namba tu, na ilinibidi kujaribu moja baada ya nyingine hadi nikapata ile inayozima tundu la kebo pale faiba inapokatika. Swichi hiyo ndiyo kitu ninachokipenda kuliko vyote kwenye kisanduku hiki. Kwenye jozi ya zamani faiba ingekatwa na jembe, taa ya kebo ya shaba ingeendelea kuwaka kijani, na mtu angeshinda siku nzima akiitafuta hitilafu kwenye kompyuta; kwenye hii mpya nilichomoa uzi kwa makusudi, na ndani ya sekunde mbili taa zote za njia hiyo zikazimika kwenye swichi kuu ya mtandao.

Jambo jingine lililonifurahisha halimhusu mtengenezaji. Masika iliyopita radi ilipiga karibu na eneo letu ikaunguza kamera ya jirani iliyokuwa imeunganishwa kwa kebo ya shaba kutoka jengo hadi jengo. Kioo hakipitishi umeme, na kwetu hakikuungua kitu. Tahadhari moja tu kuhusu moduli: ukiambiwa zipo za kilomita 80 kwa nyongeza kidogo ya bei, zikatae ikiwa umbali wako ni mita mia chache. Mwanga wake ni mkali kwa mpokeaji wa karibu hivyo, na unaweza kumpofusha. Za kilomita 20 kwa mita 260 hazijanipa tatizo lolote.

Kama ningepanga alama, jozi ya 1.25G ningeipa 8 kati ya 10, mbili zikiwa zimekwenda na adapta pamoja na kile kijikaratasi. Jozi ya 155M ningeipa 7 kwa kifaa chenyewe na sifuri kwa namna inavyotambulishwa kaunta. Kumwambia mteja kwamba ni kifaa cha Ethaneti ya 100, na kwamba kwenye kompyuta yake atasoma 94, hakumgharimu muuzaji hata dakika moja, na wako watakaokinunua hivyohivyo kwa furaha kwa sababu 94 inawatosha.

Mimi mwenyewe ni mmoja wao. Jozi ya zamani sikuiuza. Mmoja kati ya nyuzi za faiba zilizobaki bure kati ya majengo sasa unabeba kamera 8 za ulinzi kutoka yadi na stoo, kila moja ikitumia Mbps 4 hivi, jumla 32. Moduli bado zimeandikwa 155M, na pembeni nimebandika plasta yenye maandishi ya kalamu ya wino mzito: 94.